Kesi ya Yarow na Mwenye Maji

Maji yalipopungua, mwaka ule wa mafuriko makubwa ya vuli, watu wenye mashamba kando ya Mto Tana pale Garissa waliteremka na majembe kuona kilichobaki. Yarow aliteremka na panga. Wenzake walidhani anakwenda kukata migomba iliyoanguka. Badala yake alikata matawi ya mgunga, akayaburuta mpaka shambani kwake, akalizungushia shamba boma la miiba pande tatu. Upande wa nne ulikuwa mto. Kisha akaketi nje ya boma, juu ya mtungi wa plastiki uliopasuka, akatazama ndani.

Migomba yote ilikuwa imelalia upande mmoja. Bomba la pampu lilikuwa limejisokota kwenye shina la mti, juu kuliko kichwa cha mtu. Pampu yenyewe haikuonekana. Tope laini na jeusi lilifunika matuta ya vitunguu na ya matikiti, na ukikanyaga ulizama mpaka magotini.

Salah, ambaye shamba lake limepakana na hilo, aliacha kulima akaja kumwangalia.

"Warya, Yarow! Unamfungia nani? Siku hizi kuna wezi wa tope?"

"Nafunga lisiguswe."

"Nani aliguse?"

"Wewe. Mbuzi wako. Hata mimi."

Salah alicheka mpaka akaegemea jembe. "Walal, ndugu yangu, hii ni mbolea ya bure. Imetoka milimani, kwa watu wenye mvua, imekuja mpaka mlangoni kwako. Panda sasa tope lingali na unyevu. Ukingoja jua lilipige, utakuja kulipasua kwa mtaimbo."

"Najua."

"Unajua, na umekalia mtungi?"

"Namngoja mwenye maji aje aone."

Salah hakucheka tena. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa ambaye hajajua kwamba anaumwa, akarudi kwenye shamba lake.

Yarow hakuwa mgonjwa. Alizaliwa upande wa Kotile, katika watu wa ng'ombe, akalelewa ndani ya xeer, ile sheria ya mila ambayo haikuandikwa popote na ambayo watu waliiheshimu kuliko nyingi zilizoandikwa. Sheria hiyo inasema wazi. Mnyama wako akivunja ua akala shamba la mtu, mwenye shamba hasafishi. Alama za kwato zinaachwa kwenye udongo, mabua yaliyotafunwa yanaachwa yamesimama, mpaka wazee wa pande zote mbili waje waone kwa macho. Anayetengeneza kabla ya kuonwa amesamehe. Na mwenye mnyama akisema kwamba atakuja kuona, basi amekubali mnyama ni wake. Kilichobaki ni kupatana. Tena mpaka shauri liishe, mdai hali chakula cha mdaiwa wala hanywi maji yake, isije ikasemwa kwamba amekwisha kulipwa nusu.

Katika ujana wake, fahali la Yarow liliwahi kuingia katika shamba la mahindi la watu wa mtoni. Hakungoja kuitwa. Alikwenda mwenyewe asubuhi ileile, akasimama mbele ya mahindi yaliyolala, akasema, "Ni langu." Alitoa ndama wawili. Jambo hilo alilikumbuka kwa fahari zaidi kuliko ng'ombe wote aliopata baadaye.

Ng'ombe hao walikwisha kwa ukame. Miaka ile mvua ilipokataa mfululizo, alizika ndama, kisha akazika majike, kisha akaacha kuzika. Alihamia mjini kwa mkewe Shamso, ambaye siku nyingi alikuwa akiuza maziwa ya ngamia sokoni, na ndugu wa Shamso wakampa kipande cha ardhi kando ya mto. Akajifunza kulima akiwa na mvi. Alikuwa mkulima mzuri. Mtu aliyezoea kuhesabu mifugo kila jioni hashindwi kuangalia migomba.

Na hapa inafaa haki itendeke, maana watu wengi wakiyasema mabwawa ya juu ya mto, yaliyofurika na kutuletea maji yale, husema upande mmoja tu. Shamba lile lisingekuwepo bila mabwawa. Wazee wa Garissa wanakumbuka kiangazi ambacho Tana ilikonda, ikawa watu wanavuka kwa miguu na kanzu hazilowi. Siku hizi, hata ukame unapokuwa mkali, mto hautoweki, kwa sababu huko juu maji yamefungwa nyuma ya kuta na hufunguliwa kwa kipimo ili yazungushe mitambo ya umeme, na yakishazungusha huteremka kwetu. Migomba ya Yarow ilinyweshwa maji ya kipimo wakati ng'ombe wa wenzake walikuwa wakifa, kama wake walivyokufa, kwa kukosa maji hayohayo, mahali pasipo mto. Alilijua hilo. Hakuwahi kulikana.

Na nyumba yake ililishwa na umeme. Zamani mji huu ulitegemea jenereta kubwa la dizeli lililonguruma mchana kutwa na kunyamaza bila kuaga. Maziwa ya ngamia hufika sokoni alasiri, juu ya magari yanayotoka porini, ndani ya mitungi iliyofukizwa moshi ili yasiharibike upesi. Wakati wa jenereta, yasiyouzwa kabla ya jua kuzama yalichacha, na akina mama waliyauza kwa bei ya huruma. Nyaya zilipofika kutoka mabwawani, Shamso alinunua friza. Tangu hapo maziwa yaliganda katika chupa na kupanda basi kwenda Nairobi, Eastleigh, ambako watu wetu hawayachoki. Najua sasa kuna pia umeme wa jua nje ya mji. Lakini friza ile iliingia nyumbani na waya wa mabwawa, na ndiyo iliyomsomesha binti yao Kaaha mpaka akawa muuguzi.

Kwa hiyo siku Yarow alipofunga boma lake la miiba, alirudi nyumbani akakuta gilasi ya maji baridi kama kawaida. Aliitazama, akaisukuma kando.

"Maji yana nini, baba Kaaha?" Shamso aliuliza.

"Yametoka kwenye friza."

"Yanatoka kwenye friza tangu tuinunue."

"Sasa nina kesi na mwenye umeme. Sinywi chake."

Shamso aliketi. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya sokoni, lakini siku ile alisema polepole. "Na chai ya asubuhi?"

"Ile ni ya kuni."

"Na sukari yake?"

Yarow aliitazama gilasi tena.

"Sukari imenunuliwa na maziwa. Maziwa yamelala kwenye friza. Friza imelala juu ya umeme. Wewe umekwisha kunywa chao, mume wangu, na ukaomba kikombe cha pili."

"Chako ni chako," Yarow akasema. "Wewe huna kesi. Mimi ndiye ninayo."

Alichukua mkeka wake akautandika uani, mahali ambapo mwanga wa balbu haukufika. Hakuwa na hasira. Wengi mtaani walidhani amekasirika, kwa sababu mtu aliyekasirika anaeleweka. Ukweli ni kwamba tangu ukame hakukuwa na kitu kilichokuwa kikimfikia. Aliona migomba imelala kama alivyowaona ng'ombe wamelala, akajua kwamba ni hasara, kama mtu anavyojua kwamba leo ni Jumanne. Kitu kimoja tu ndani yake kilikuwa bado kimesimama, nacho ni kwamba uharibifu una mwenyewe, na mwenyewe anapaswa kuja kusimama mbele yake na kusema, "Ni wangu." Fidia hakuitaja mara nyingi. Neno lile ndilo alilolitaka.

Alimpelekea shauri mzee Rage, ambaye jamaa zake humtegemea katika mambo ya mila. Rage alishinda kwenye baraza la duka la vifaa vya ujenzi la mwanawe, akizungukwa na mabati na mifuko ya saruji. Alikuwa mzee wa kuchoka upesi, na hakupenda kesi ambazo mdaiwa hana ukoo.

"Walikuonya?" aliuliza kabla Yarow hajamaliza.

"Walitangaza redioni. Kwamba mabwawa yamejaa."

"Ukafanya nini?"

"Nikaipandisha pampu mpaka pale maji yalipofika miaka yote. Safari hii yakapita."

"Basi huna kitu." Rage alijikuna kidevu. "Dume la ngamia likianza kutoa povu mdomoni, mwenyewe akatangaza kwamba lina wazimu wa majike, aliyelikaribia akaumwa amejitakia."

"Aliyelikaribia, adeer. Mimi sikulikaribia. Lilinifuata nyumbani."

Mteja mmoja aliuliza bei ya misumari, akajibiwa, akaenda.

"Hilo nalo ni neno," Rage akasema. "Tena ngamia aliyefungwa kamba, mwenye kamba ndiye anayeulizwa habari zake. Lakini utamwita nani? Nani atakuja hapa aseme, ngamia ni wangu? Tafuta hilo kwanza."

Nafasi ilipatikana mwezi wa Desemba. Kampuni inayohusika na maji ya mabwawa ilimtuma afisa kuzungumza na waathirika katika uwanja wa ofisi ya chifu. Watu walitazamia mwanamume mwenye tai. Aliyeshuka garini alikuwa msichana wa Wajir, jina lake Iftin, mwenye hijabu ya kijivu na viatu vilivyokwisha kuchafuliwa na tope la kwetu. Alisalimia kwa Kisomali, akasema kwa Kiswahili kwa ajili ya wageni waliokuwepo. Alisema vizuri. Alieleza kwamba mvua ile ingekuja hata kama kusingekuwa na ukuta mmoja huko juu, na kwamba mabwawa yalimeza sehemu yake ya kwanza kabla ya kufurika. Alieleza kwamba ukuta una kiwango chake, na maji yakishapita hapo hakuna mtu anayeweza kuyakataza. Hakusema uongo, kwa ninavyojua.

Yarow alisimama.

"Mimi naitwa Yarow. Nina swali moja. Maji yale ni ya nani?"

"Maji ni ya Mwenyezi Mungu, adeer," Iftin akasema, na watu wakaitikia kwa kunong'ona, maana hakuna awezaye kulipinga hilo.

"Kweli. Na maji yanayozungusha mtambo, ukatoka umeme, mke wangu akaununua. Hayo je?"

"Umeme huo unauzwa, ndiyo. Kuna kampuni."

"Kwa hiyo yakiwa ndani ya waya ni yenu. Yakiwa ndani ya migomba yangu ni ya Mungu."

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Salah alipiga kelele kutoka nyuma, "Mjibu mzee, dada! Mjibu!" Chifu akanyanyua mkono watu watulie. Yarow alikuwa bado amesimama. Yeye hakucheka, wala hakuonekana kujua kwamba amesema kitu cha kuchekesha.

Iftin hakukasirika. Alishusha kipaza sauti, akasema kwa Kisomali, kama mtu anayesema na baba yake mdogo. "Adeer, kwetu Wajir watu bado wanachota visimani maji ya chumvi. Miaka ya ukame, nani aliufanya mto huu uendelee kupita hapa?"

"Nyinyi."

"Basi unajua kwamba ukuta umekufaa pia."

"Najua. Sikatai. Mtu akinikamulia ngamia wake miaka mitano, na mwaka wa sita ngamia huyohuyo akanivunjia nyumba, nitamshukuru kwa maziwa na nitamwita aione nyumba. Mambo mawili. Sikuja hapa kuwatukana. Nataka mtu aje aone."

"Nitakuja, adeer," Iftin akasema. "Nitakuja nilione shamba lako."

Yarow aliketi. Mzee Rage, aliyekuwa safu ya mbele, aligeuka akamtazama, na wote wawili wakaelewa kitu kilekile. Mbele ya mashahidi, upande wa pili umesema utakuja kuona.

Hapa ndipo kosa lilipotokea, na halikuwa kosa la ujinga. Katika ofisi, "nitakuja kuona" ni maneno ya heshima ya kufungia mazungumzo, kama mtu anavyosema "karibu tena" mlangoni. Msichana aliyasema kwa moyo mwema, na pengine siku ile alikusudia kuja. Lakini kwa mtu wa xeer, maneno hayo ni mlango uliofunguliwa. Anayesema hivyo amekwisha kusema, "Ni langu." Tangu siku hiyo Yarow hakuwa tena mtu anayetafuta mdaiwa. Alikuwa na kesi halali, na wajibu wake ulikuwa mmoja, kuulinda ushahidi mpaka mwenzake afike.

Akaulinda. Kila siku baada ya swala ya alfajiri aliteremka mtoni, akaketi juu ya mtungi, akafukuza mbuzi. Ndege wakubwa weupe walitua ndani ya boma wakala vyura, hao aliwaacha. Salah alipanda matikiti, bamia na kunde kwenye tope lake, nazo zikatoka kwa haraka isiyo ya kawaida, kama vitu vilivyokuwa vimechelewa safari. Ukisimama mpakani uliona upande mmoja kijani kibichi, na upande wa pili miti iliyokufa juu ya ardhi inayoanza kuwa kijivu.

"Mgeni wako bado?" Salah aliuliza kila asubuhi.

"Bado."

"Labda amepotea njia. Mwambie akifika kwenye matikiti yangu akate kushoto."

Mwezi wa Januari tope lilianza kupasuka. Kwanza nyufa nyembamba, halafu nyufa ambazo mtu angeweza kuingiza mkono. Shamso aliteremka siku moja na vibarua wawili na mbegu kwenye mfuko. Wakamkuta Yarow amesimama kwenye mlango wa boma.

"Kuna unyevu bado chini," Shamso akasema. "Hawa wamechimba pembeni wakauona. Wiki hii tu, baba Kaaha, haizidi hapo. Ondoka mlangoni."

"Nikikuacha ulime hapa nimesamehe."

"Basi samehe! Kwani kusamehe ni haramu?"

"Si haramu. Lakini anayesamehewa lazima kwanza awepo."

Shamso aliwatazama vibarua, nao wakatazama mto. "Mimi nakulisha," akasema, na sauti yake ya sokoni ilikuwa imerudi. "Wallahi sikusimangi. Nimekulisha tangu ng'ombe walipokufa na sijafungua mdomo. Lakini usiniambie kwamba hujala cha watu wa bwawa. Mimi ndiye ninayekukamulia hilo bwawa kila siku sokoni. Tena shamba hili ni la ndugu zangu."

"Ni la ndugu zako," Yarow akakubali. "Kesi ni yangu."

Angeweza kumsukuma. Wanawake wengine wangemsukuma, na sidhani wangekuwa wamekosea. Lakini alimtazama mumewe usoni, akaona kwamba nyuma ya kesi ile hakukuwa na kitu kingine kilichobaki, na kwamba akiing'oa hajui kitakachosimama mahali pake. Akawalipa vibarua nauli, akarudi mjini na mbegu zake. Jioni alipika chakula, akakipeleka uani, gizani.

Lazima niseme ninavyoona, maana simulizi ya maisha ya mtu bila hukumu ni porojo. Yarow alikuwa na haki. Anayeuza faida ya kitu hawezi kumwachia Mungu hasara yake. Na kama mabwawa yanatuwashia taa na kutuhifadhia mto wakati wa kiangazi, hayo ni mema makubwa, lakini mema hayafuti deni la kwenda kusimama mbele ya shamba la mtu aliyeharibikiwa. Hilo la kwanza. La pili ni kwamba ardhi yenye rutuba iliachwa ikauke mbele ya mwenye mikono miwili, na mke wake akabeba mzigo wa wawili. Haki yake haikumwondolea wajibu huo. Wanaomfanya Yarow shujaa na wanaomfanya kichaa, wote wanalikimbia moja kati ya mambo haya.

Februari ardhi ikawa saruji kama Salah alivyosema. Ramadhani iliingia Machi. Siku moja wakati wa kufuturu Salah alibisha hodi akiwa amekumbatia tikiti kubwa.

"La kwanza," akasema, akiliweka mkekani. "Kula bila wasiwasi, halina umeme. Nimelinywesha kwa ndoo."

Yarow alikata, akala kipande kimoja, akamshukuru. Lilikuwa tamu. Alisema kwamba ni tamu, kwa sauti ileile ambayo angesema kwamba ni duara.

"Yule msichana haji, walal," Salah akasema, na safari hii hakutania. "Mashamba yaliyoharibika yamejaa toka hapa mpaka huko chini. Akienda kwako aende na kwa nani?"

"Kwa wote. Ni kazi ndefu, ndiyo maana anachelewa."

Baada ya Idi mawingu yalikaa milimani, upande wa juu, na yakakataa kuondoka. Kwetu jua liliwaka kama kawaida. Redio ikaanza tena kutangaza kwamba mabwawa yamejaa, watu wa kandokando wahame. Salah alivuna kila kilichokuwa na ukubwa wa ngumi, akapakia kwenye mikokoteni ya punda, akaipandisha pampu yake mpaka barabara ya lami. Alimkuta Yarow kwenye mtungi.

"Twende."

"Nitakwenda yakifika."

"Unangoja nini tena? Huna cha kuokoa humo!"

Yarow aliangalia ndani ya boma. Migomba ilikuwa imekauka, rangi ya karatasi ya sukari, lakini bado imelala upande uleule. Bomba la pampu bado limejisokota mtini. Alama ya maji ya vuli bado ilionekana kwenye magome, mstari wa tope ulionyooka kama uliochorwa kwa uzi. Kila kitu mahali pake. Alikuwa amekitunza vizuri.

Maji yalifika mchana, kimya, chini ya anga isiyo na wingu. Hayakuja kwa ngurumo. Yaliingia kwenye nyufa kwanza, na nyufa zikanywa kwa sauti ndogo, halafu zikafunga. Yakanyanyua boma la miiba likiwa zima, yakalizungusha mara moja, yakalitoa kwa upande wa mto. Migomba ikainuka kidogo, kana kwamba inageuka usingizini, ikaenda. Yarow alirudi nyuma hatua kwa hatua, maji yakimfuata miguuni, mpaka mtungi wenyewe ukaondoka. Hakupiga kelele. Salah, aliyekuwa akimtazama kutoka barabarani, alisema baadaye kwamba alikuwa anasogea kama mtu anayempisha mwingine mlangoni.

Barabara ya Nairobi ilikatika. Mabasi yakalala ng'ambo, na maziwa ya Shamso hayakuwa na pa kwenda; yalikaa kwenye friza, yakiwa yameganda. Umeme haukukatika mtaani kwao mafuriko yale yote. Maziwa hayo hayakuharibika hata chupa moja, na alipoyauza mjini kwa waliohama makwao, aliuza bila kuongeza bei.

Iftin alikuja. Alivuka kwa boti ya serikali pamoja na watu wa misaada, akiwa amevaa koti la uokoaji la rangi ya machungwa juu ya hijabu ileile ya kijivu. Alimuuliza chifu habari za mzee mwenye migomba, akapelekwa mpaka pale lami inapoingia majini. Yarow alikuwa amesimama hapo pamoja na wengine.

"Adeer, samahani," alisema. "Nilihamishwa kituo mwezi wa pili. Niliomba gari mara nyingi. Nikasema nikirudi tu huku, nitakuja kwako kwanza. Sijasahau."

"Umekuja," Yarow akasema.

"Shamba liko wapi?"

Yarow alinyoosha mkono. Mbele yao palikuwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa, mapana, yakienda kwa utulivu, na katikati yake kilele cha mti mmoja. Hapakuwa na bomba juu yake.

"Lilikuwa hapo."

Iftin alitazama muda mrefu. Pengine alikuwa akitafuta la kusema, na ni heshima yake kwamba hakusema kwamba maji ni ya Mungu. Aligeuka akamwuliza, kwa sauti ya chini, "Ulipanda nini baada ya yale ya vuli?"

"Sikupanda. Nilikuwekea uone."

Msichana aliyatazama tena maji. Alielewa. Yeye pia alikuwa binti wa wafugaji, na mila hiyo aliifahamu tangu utoto. Ofisini ndiko alikoisahau. Macho yake yalijaa. Yarow aliona, lakini hata hilo halikumfikia mahali popote.

"Adeer, mimi..." akaanza.

"Basi," Yarow akasema. "Hakuna cha kuonyesha, hakuna kesi. Boti yako inakungoja."

Alipanda mpaka nyumbani kwa miguu. Shamso alikuwa chumba cha mbele akipanga chupa, balbu inawaka juu yake ingawa ulikuwa bado mchana. Yarow alivua viatu, akauchukua mkeka wake kutoka uani, akaukung'uta vumbi, akautandika ndani, chini ya taa. Akaketi.

"Amekuja?" Shamso akauliza.

"Amekuja."

Yarow alinyoosha mkono kuelekea kwenye friza.

"Nipe maji," akasema.

Akampa. Alikunywa yote bila kupumzika, akairudisha gilasi, na Shamso akaijaza tena.

"Yakipungua," alisema Shamso, "tope litakuwa jingi."

"Litakuwa jingi," Yarow akasema. "Tafuta mbegu."